Najenga tovuti ya kusaka ushuru, tozo na mazuio ya mipakani. Njooni mnikosoe

Fundi_Tarifa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku.

Kwa miezi saba sasa usiku wangu unaishia kwenye kitu kimoja: tovuti ambayo mfanyabiashara akiandika "ngano" au "1001" anaona ushuru wa forodha ni kiasi gani, kuna zuio au hakuna, kibali kinatoka wapi, kisha anafunguliwa hati yenyewe iliyosema hivyo, ukurasa uleule. Nimeanza na Tanzania, Kenya na Uganda. Nilijidanganya kwamba kwa kuwa zote zimo kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nitajaza jedwali moja nikalale.

Chanzo ni shemeji yangu. Aliagiza mzigo, akapiga hesabu kwa kiwango alichokikuta kwenye tovuti ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Alipoangalia ilikuwa mwezi wa tano. Meli ikatia nanga mwezi wa saba. Kumbe kile kiwango kilikuwa unafuu wa mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ulikwisha 30 Juni. Faida yote ikaliwa na tofauti, akabaki na deni kwa wakala. Nilirudi kwenye ule ukurasa mwezi wa tisa, bado ulikuwa unasema vilevile, na hakuna mahali palipoandikwa tarehe.

Basi nikaingia kazini. Kitabu cha ushuru cha Jumuiya kina maelfu ya mistari, kila mmoja na namba ya tarakimu nane. Tangu Umoja wa Forodha uanze 1 Januari 2005 viwango vilikuwa vitatu: 0, 10 na 25. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne, 35. Rahisi, si ndiyo? Nikatengeneza safu ya "kiwango", nikaiambia kompyuta ipokee namba tu.

Siku ya pili nikafika kwenye mchele: asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kipi kikubwa. Sukari: asilimia 100 au dola 460 kwa tani, kipi kikubwa. Mitumba, 6309.00.00: asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kipi kikubwa. Wakuu, hizo si namba, ni sentensi. Mchele wa dola 400 kwa tani unalipa 345, kwa sababu asilimia 75 ni 300 tu. Wa dola 500 unalipa 375. Huwezi kumjibu mtu "mchele ni asilimia ngapi" kabla hujamuuliza kanunua bei gani. Nikafuta safu, nikaanza upya.

Halafu kuna Gazeti la Jumuiya la mwisho wa Juni. Kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha wanakutana, kila nchi inaomba kutoza kiwango chake badala ya kile cha pamoja kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana Kenya kwenye mchele huohuo imekuwa ikitoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Orodha ni ndefu, inatoka siku moja au mbili kabla ya kuanza kutumika, na mara nyingine ni karatasi iliyopigwa picha ikageuzwa PDF. Programu yangu ya kusoma maandishi kwenye picha ilishaniletea 1006.80.00, namba ambayo haimo kwenye kitabu. Ilikuwa 1006.30.00, mchele uliokobolewa. Tatu ilikuwa na doa la wino.

Ninapokwama ni pawili: nini kiingie humo kama sera, na mtu atafuteje kwa Kiswahili. Karibuni, msinionee huruma.

---

Mzee wa Forodha

Kijana, nimekaa kwenye uwakala miaka mingi, nimeacha kwa sababu ya macho. Umeshika jambo la maana ila umelishika mkiani.

Usiulize "ushuru wa mchele ni kiasi gani". Uliza "ulikuwa kiasi gani tarehe fulani". Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004 inataka ushuru ulipwe kwa kiwango kilichopo wakati bidhaa zinapoingizwa kwa matumizi ya ndani. Si siku uliyolipa kiwandani China, wala siku meli ilipoondoka. Na mzigo ukiwa umekaa kwenye ghala la forodha miezi minne, unalipa kiwango cha siku unayoutoa. Nimeona watu wakikimbizana kusajili TANSAD, hati ya forodha ya Tanzania, jioni ya 30 Juni kama wanakimbia mvua. Na nimeona wengine wanaoubana mzigo ghalani mpaka 1 Julai kwa sababu wamesikia mwaka mpya utawashushia.

Kwa hiyo usifute kitu. Kiwango kikibadilika, cha zamani kipe tarehe ya kufa, usikizike.

La pili. Namba za HS, yaani mfumo wa dunia wa kuzipa bidhaa namba, zenyewe zinabadilika. Shirika la Forodha Duniani hutoa toleo jipya kila baada ya miaka mitano hivi: 2012, 2017, 2022, na linalofuata linaanza Januari 2028. Toleo la 2022 lilizipa ndege zisizo na rubani kichwa chao, 8806, na simu janja zikapewa 8517.13. Kabla ya hapo simu zote za mkononi zilikuwa 8517.12. Sasa mtu akitafuta historia ya 8517.13 kwako atadhani simu janja hazikuwahi kuingia nchini kabla ya 2022. Na kibaya zaidi, Jumuiya ilianza kutumia toleo hilo 1 Julai 2022, siku ileile ya kile kiwango cha 35. Bidhaa nyingine zilihama namba na kubadili kiwango kwa mkupuo mmoja. Hapo usipokuwa na jedwali la kuunganisha namba ya zamani na mpya, unauza uongo.

---

Fundi_Tarifa

Shikamoo Mzee. Hilo la simu limenichoma kwa sababu ndivyo ilivyo kwangu sasa hivi, nimetoka kuangalia.

La tarehe nimelipata kwa kuumia. Sasa kila mstari una tarehe tatu: kuanzia, hadi, na siku mimi nilipoijua. Hiyo ya tatu watu wananicheka. Lakini gazeti likitoka tarehe 3 Julai likisema linaanza tarehe 1, mtu aliyetafuta tarehe 2 alipata jibu lililokuwa sahihi siku hiyo na lililo kosa leo. Akija kunilaumu nataka niweze kumwonyesha nilichomwonyesha.

---

Kichwa Ngumu

Nitakuwa mbaya kidogo. Kwa nini unavumbua gurudumu? Global Trade Alert ipo tangu 2009, imeanzia Chuo Kikuu cha St. Gallen kule Uswisi, na inafuatilia hatua za serikali dunia nzima kwa rangi nyekundu, ya njano na kijani. ePing ipo, unaweka bidhaa yako na nchi, barua pepe inakuja kila nchi ikipeleka taarifa ya viwango au afya ya mimea Shirika la Biashara Duniani. Na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, umezitaka nchi wanachama zichapishe taratibu zao na kuziweka kwenye intaneti. Serikali zina wataalamu. Wewe una kompyuta mpakato na shemeji.

---

Fundi_Tarifa

Hahaha, shemeji kanituma nikusalimie.

Mkuu, ePing natumia na naipenda. Ila angalia kilichonipata. Nilivuta taarifa za viwango za Afrika Mashariki nikajisifu nina nyingi. Baadaye nikagundua rasimu moja ya kiwango cha Jumuiya inapelekwa Shirika la Biashara Duniani, Geneva, na nchi tano kwa pamoja, kwa hiyo ina alama tano: G/TBT/N/BDI, KEN, RWA, TZA na UGA, kila moja na namba yake. Rasimu moja, kwangu ikahesabiwa mara tano. Nimelazimika kulinganisha maandishi yenyewe ili nizifunge kitita kimoja. Na kumbuka hiyo bado ni rasimu, watu wanapewa siku 60 za kutoa maoni. Mfanyabiashara akiiona anadhani ni sheria ya kesho asubuhi.

Global Trade Alert nayo inafanya kazi kubwa, lakini ni kwa mtafiti anayetaka kujua dunia inaelekea wapi. Dereva aliye na tani 28 pale Namanga anataka kujua karatasi gani inatakiwa leo, na ninataka aijue kwa Kiswahili.

---

Busia_Juu

Niko upande wa Kenya, nanunua nafaka. Swali lako la kwanza ndilo la maana: sera ni nini?

Mnakumbuka Ijumaa ya 5 Machi 2021? Mamlaka ya Kilimo na Chakula huku kwetu iliandika barua kwa Kamishna wa Forodha, mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwa sababu ya sumukuvu. Barua tu. Haikuwa sheria ya bunge, haikuwa kwenye Gazeti la Serikali. Ilizunguka WhatsApp, wengi tukadhani ni feki. Malori yakasimama. Tarehe 10 Machi wizara ikatoa taarifa nyingine: yaingie, lakini mwagizaji asajiliwe, awe na cheti kwamba sumukuvu iko chini ya 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kinachosema mahindi yametoka kaunti au wilaya gani.

Sasa hiyo tovuti yako ingenionyesha nini tarehe 7 Machi? Kwa ushuru, mahindi ya Tanzania yalikuwa sifuri kama kawaida, kwa kuwa yametoka ndani ya Jumuiya. Sifuri na huwezi kuingia! Mimi nilikuwa na gari mbili upande wa pili, moja iliota unyevu juu kwa juu. Nikauza ya kulisha kuku.

---

Kichwa Ngumu

Barua si sera. Ukianza kuweka barua, kesho utaweka na maneno ya afande wa getini.

---

Busia_Juu

Mkuu, lori halijui tofauti hiyo.

---

Fundi_Tarifa

Busia_Juu umenipa kesi niliyokuwa naihitaji. Pole kwa mahindi.

Kwangu barua inaingia, lakini inaingia na cheo chake. Nimeweka ngazi: sheria ya bunge, tangazo kwenye Gazeti la Serikali lenye namba ya GN, Gazeti la Jumuiya, waraka au barua ya taasisi, tamko la kiongozi. Kila jibu linatoka na ngazi yake pembeni, na picha ya hati. Barua isiyothibitishwa na ofisi iliyoandika inabaki na alama ya njano. Ya getini haiingii, hapo Kichwa Ngumu nakubaliana nawe.

Na tamko nimeliweka kwa sababu ya Aprili 2025. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao yetu, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza kuzuia mazao ya nchi hizo mbili, na wengi wetu tulilisoma kwenye simu kabla ya kuona waraka wowote. Siku chache baadaye zuio likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Ukisubiri GN, tukio zima lingepita bila kuonekana, na mtu aliyekuwa na mzigo wa matufaa njiani angekuwa hana pa kuuliza.

Kesi hiyo imenilazimisha kuongeza kitu kingine: kamba kati ya hatua na hatua. Hii imejibu ile, ile imefuta hii. Mfano mkubwa ni mitumba. Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ikajibu kwa kuisimamishia Rwanda upendeleo wa nguo wa AGOA, sheria yao ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia mwishoni mwa Julai 2018. Mstari mmoja uko Kigali, mwingine Washington, na usipozifunga kamba kila mmoja unaonekana umeanguka kutoka mbinguni.

---

Mzee wa Forodha

Na tozo je? Nimeangalia kiungo ulichonitumia inbox, umeweka ushuru wa forodha tu. Mwagizaji wa Dar analipa ushuru wa forodha, VAT, ushuru wa bidhaa kwa baadhi, ada ya maendeleo ya reli, ada ya uchakataji wa nyaraka za forodha. Hayo mengine hayako kwenye kitabu cha Jumuiya, kile cha Arusha, yako kwenye Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kenya nao tangu 2023 wana tozo ya kukuza mauzo ya nje na uwekezaji, klinka (malighafi ya saruji) na chuma vikabanwa. Ukimwambia mtu "asilimia 10" na akafika bandarini akakuta mlolongo, atakutafuta.

---

Fundi_Tarifa

Ni kweli Mzee, hilo linakuja, na hapo ndipo lugha inaponitesa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, kwa hiyo hati zetu mpya zinakuja kwa Kiswahili huku za Arusha, Nairobi na Kampala ni Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe: kodi, ushuru, tozo, ada. Mwanasheria anazitenga nne. Mtu wa Kariakoo anaandika "kodi ya tairi" akimaanisha zote kwa pamoja. Nimeamua neno lolote kati ya hayo lifungue mengine yote, halafu matokeo ndiyo yatenganishwe.

Ila chekeni na hili. Natumia PostgreSQL, programu ya kanzidata, kwa utafutaji. Ina uwezo wa kukata maneno yabaki shina kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Nikajiandikia changu: kata ki-/vi-, kata ma-, kata m-/wa-. Kitunguu na vitunguu vikakutana, yai na mayai vikakutana, nikafurahi kama mtoto. Usiku huo nikaandika "mahindi". Ikakata ma-, ikabaki "hindi". Nikaletewa mchele wa Kihindi, dawa za Kihindi, wafanyabiashara Wahindi, na mahindi yenyewe yako ukurasa wa tatu.

Sasa nimeacha ujanja. Nimekaa chini na kitabu cha ushuru na kuandika majina kwa mkono, bidhaa kwa bidhaa. Mpunga ni 1006.10, mchele uliokobolewa ni 1006.30, chenga ni 1006.40. Saruji, simenti na sementi zote 2523. Inachosha lakini inajibu.

---

Binti wa EPZ

Nimepita kimya kimya siku mbili, leo niseme. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Athi River, soko letu ni Marekani. Utaweka na sera za nchi tunazouzia, au ni za kuingiza tu? Aprili 2025 tulikuwa tunaamka kila siku na habari mpya. Kenya tulipangiwa asilimia 10, bosi anauliza kontena lililo baharini linahesabiwaje, hakuna aliyejua.

---

Fundi_Tarifa

Dada, Marekani nimeiweka kwa sababu moja ya aibu: ndiyo rahisi kuliko sisi wenyewe. Gazeti lao la serikali, Federal Register, linatoa hati zake bure kwa API, yaani mlango wa programu kuchota data moja kwa moja, hata kujisajili hakuna. Programu yangu inagonga kila asubuhi inapewa hati safi, tarehe, namba, kila kitu. Ya kwetu nagonga naletewa picha ya karatasi iliyopinda.

Jibu la kontena lako lilikuwa ndani ya amri yenyewe, ile namba 14257 ya 2 Aprili 2025. Asilimia 10 ilianza 5 Aprili saa 6 na dakika 1 usiku kwa saa za Washington. Mzigo uliokuwa umeshapakiwa melini na uko njiani kabla ya dakika hiyo haukuguswa na hiyo nyongeza. Viwango vikubwa zaidi vya nchi nyingine vilianza tarehe 9, na siku hiyohiyo ikatangazwa vinasimamishwa kwa siku 90, isipokuwa China.

Na hapo nikajifunza tena. Kwenye kanzidata niliandika "5 Aprili" basi. Kumbe saa 6 na dakika 1 usiku ya kule ni saa 1 na dakika 1 asubuhi ya Mombasa. Kontena lililopakiwa Kilindini saa 11 alfajiri tarehe 5, kwetu ni tarehe 5, kwa amri ile bado ni tarehe 4, limepona. Sasa kila tarehe ya kuanza ina saa na ina mahali.

---

Kichwa Ngumu

Sawa, nimelainika kidogo. Lakini hujajibu hili: mtu akifuata tovuti yako akapata hasara kama shemeji, atamshitaki nani?

---

Fundi_Tarifa

Nimeliwaza sana hilo mkuu. Siandiki "ushuru wako ni kiasi hiki". Naandika "hati hii, ukurasa wa 14, inasema hivi, kuanzia tarehe hii, na mara ya mwisho niliikagua tarehe hii". Nikipitisha siku 30 sijaikagua, jibu linageuka kijivu lenyewe na linamwambia aende kwa wakala au apige simu forodha. Kile kijivu kimenikosesha wadhamini wawili, walisema kinaifanya tovuti ionekane mbovu. Kitabaki.

---

Mama Vitenge

Wanangu hamjambo. Mimi sijui mambo ya PostgreSQL, mimi nauza vitenge na kanga. Nimejaribu hicho kiungo. Kitenge nimekipata vizuri, 5208.51.10, na nimefurahi kuona kwenye kitabu cha Kizungu wameandika kabisa Khanga, Kikoi na Kitenge, kwamba viko kwenye orodha ya bidhaa nyeti.

Halafu nikaandika "kanga". Nimeletewa 0105.15, ndege hai.

---

Fundi_Tarifa

Mama shikamoo. Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Wao wameandika Khanga yenye h, mimi nikaandika kanga kama jina la ndege.

Nimerekebisha sasa hivi. Jaribu tena, vinatakiwa vitoke vyote viwili, nguo ikiwa juu.

---

Mama Vitenge

Marahaba. Nguo imetoka juu. Ila hao ndege nao wako asilimia ngapi? Jirani yangu anafuga.